Raha ya Kuchakura: Duka la Vitabu Vikuukuu kama Darasa la Historia ya Fasihi

Utangulizi

Mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Methali hii tunawafunza wanafunzi wetu kila mwaka, nao huifafanua vizuri tu katika insha zao. Hata hivyo, tukijiuliza ni lini tulipoingia mara ya mwisho katika duka la vitabu pasi na orodha mkononi, wengi wetu tutainamisha vichwa. Tunaingia na orodha ya vitabu teule, tunalipa, tunadai risiti, tunatoka. Rafu nyingine zote tunazipita kana kwamba ni kuta tupu.

Makala haya yanakualika, mwalimu mwenzangu, na wewe pia mtahiniwa, uingie dukani bila orodha. Duka ninalolikusudia ni lile dogo la mtu binafsi, na hasa lile la vitabu vikuukuu: kibanda cha kichochoroni, meza ya kando ya barabara, au turubai lililotandazwa chini na vitabu vikapangwa juu yake. Hoja yangu ni moja. Raha ya kuchakura vitabu vikuukuu si mchezo wa kupotezea wakati. Ni njia mojawapo ya kuijua historia ya fasihi yetu, kwa sababu nakala kuukuu hubeba ushahidi ambao mwongozo wa mtihani haubebi. Ili usidhani kwamba nahubiri nisiloliishi, nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Kosa la miaka minne

Nilipoanza kufundisha, nilikuwa nikiwasomea wanachama wa chama cha Kiswahili riwaya ya Kusadikika ya Shaaban Robert. Haikuwa katika orodha ya vitabu vya kutahiniwa wakati huo, lakini niliipenda. Shule ilikuwa na nakala moja tu, nayo ilikuwa imepoteza jalada na kurasa zake za mwanzo. Tulianzia hadithi inapoanzia.

Unakumbuka, msomaji, kisa chenyewe. Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Karama anashtakiwa kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria, mshtaki wake akiwa waziri Majivuno. Katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi mbalimbali, wakarudi na maarifa ya kuwafaa wenzao, na badala ya shukrani wakatiwa gerezani. Nilipowauliza wanafunzi ni utawala gani unaokejeliwa hapo, walijibu kwa sauti moja kwamba ni viongozi wa Afrika walioyasaliti matumaini ya uhuru. Nami niliwapigia makofi. Niliandika ubaoni kwamba riwaya hii inausuta uongozi wa baada ya uhuru, na kwa miaka minne kila kundi jipya la wanachama lilinakili sentensi hiyo daftarini.

Jumamosi moja nilikuwa Nairobi kwa shughuli nyingine, mvua ikanilazimisha kujibanza chini ya kibaraza cha duka. Kando yangu mchuuzi wa vitabu alikuwa ameifunika bidhaa yake kwa karatasi ya nailoni. Mvua ilipopungua aliifunua, nami, kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikaanza kuchakura. Kulikuwa na vitabu vya uhasibu, Biblia, miongozo ya Kemia, magazeti ya mitindo ya nguo. Chini kabisa, kikiwa kimekunjamana kwa unyevu, nikaona Kusadikika, nakala ya Nelson, jalada lake zima.

"Mwalimu, hicho ni cha zamani sana," mchuuzi aliniambia. Sijui alitambuaje kazi yangu. Labda ni chaki. "Toa hamsini tu."

Nilitoa shilingi 50, nikafungua ukurasa wa hakimiliki. Toleo la kwanza: 1951.

Nilisimama pale nikipiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga miaka minne kabla. Mwaka 1951 Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza. Chama cha TANU hakijaundwa. Kiliundwa Julai 1954. Uhuru ulipatikana Desemba 1961, na Shaaban Robert akafariki Juni 1962, miezi michache tu baadaye. Mtu huyu alikuwa karani katika serikali ya kikoloni. Viongozi niliokuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba anawasuta hawakuwa wameshika madaraka. Nchi inayoelea angani haikuwa pambo la kuchekesha. Ilikuwa njia ya mtumishi wa serikali kuisema serikali iliyomlipa mshahara bila kuitaja.

Jumatatu nilikwenda darasani nikakiri. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Kwa hivyo mwalimu, yale tuliyoandika tuyafute?"

Swali hilo lilinifaa kuliko kozi nyingi. Nilimjibu hivi, nami nakujibu wewe vivyo hivyo: tusifute, tutenganishe. Kuna jambo ambalo mwandishi alilielekea katika wakati wake, na kuna jambo ambalo msomaji wa leo analiona kazi hiyo ikilimulika. Yote mawili ni halali katika uhakiki. Kosa ni kulipachika la pili mahali pa la kwanza. Anayeandika kwamba Shaaban Robert aliwakejeli marais wa Afrika huru amekosea. Anayeandika kwamba kejeli aliyoielekeza kwa utawala wa enzi yake inawahusu hata watawala waliokuja baadaye amehakiki.

Kusoma jina la mchapishaji

Tangu siku hiyo, kitu cha kwanza ninachokitazama katika kitabu kikuukuu si jina la mwandishi bali ni mwaka na mchapishaji. Ukizoea kufanya hivyo, historia nzima ya uandishi wa Kiswahili itajipanga mbele yako rafuni. Hebu tuifuate kwa ufupi.

Ukibahatika kukutana na nakala ya Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, utaona kwamba ilichapishwa London na Sheldon Press mwaka 1934. Kwa nini London? Kwa sababu miaka hiyo uchapishaji wa vitabu vya shule ulikuwa mikononi mwa mashirika ya dini na kampuni za Uingereza. Aidha, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1930 kusimamia usanifishaji, ilikuwa na mamlaka ya kutoa kibali kwa vitabu vilivyofuata Kiswahili sanifu. Wahakiki wengi wamelisuta simulizi la Mbotela kwa jinsi linavyowasifu Waingereza. Msomaji anayejua kitabu kilitoka wapi na kilipitia mikono gani ataielewa sifa hiyo vizuri zaidi kuliko anayeisoma kama maoni ya mtu mmoja tu.

Kisha utakutana na jina la East African Literature Bureau. Shirika hili liliundwa 1948 kuhudumia nchi za Afrika Mashariki, nalo lilitoa vitabu kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliimudu. Mwaka 1960 pekee lilitupa Kurwa na Doto ya Muhammad Saleh Farsy na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla. Hiki cha pili kilikuwa kimeshinda shindano la uandishi la shirika hilo hilo la 1957 na 1958, nacho ndicho kilichomleta mpelelezi Bwana Msa. Mwaka 1971 Bureau ikatoa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Basi tazama umbali uliopo kati ya vitabu hivyo, ukikumbuka kwamba mchapishaji ni mmoja na kipindi ni miaka 11 tu. Umbali huo ndio tunaouita mabadiliko ya riwaya ya Kiswahili, na katika meza ya mchuuzi unaweza kuupima kwa mkono.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja halikuweza kuendelea kama lilivyokuwa. Mwaka 1980 Bunge la Kenya likaunda Kenya Literature Bureau. Kwa hivyo ukiona jina la zamani katika jalada moja na jina jipya katika toleo la baadaye, umeona kuvunjika kwa jumuiya nzima kwa macho yako.

Hali kadhalika, East African Publishing House, iliyoanzishwa 1965, ndiyo iliyotoa Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed mwaka 1972 na Kichwamaji ya Kezilahabi mwaka 1974. Shirika hilo liliporomoka katika miaka ya 1980. Mchapishaji akifa, vitabu vyake huwa mayatima. Kimoja hupata mlezi mpya, kingine husubiri miaka mingi, kingine hakipati kabisa. Hapo ndipo duka la vitabu vikuukuu linapokuwa la lazima. Kwa kitabu kilichopoteza mchapishaji, meza ile ya kando ya barabara huenda ikawa ndiyo maktaba pekee iliyobaki.

Mwaka nao unaweza kudanganya

Usije ukafikiri, msomaji, kwamba kuujua mwaka wa kuchapishwa kunatosha. Mwaka ni shahidi, na shahidi huhojiwa.

Chukua Kufikirika, iliyochapishwa 1967, na Utubora Mkulima, iliyochapishwa 1968. Mtahiniwa mwerevu atakumbuka kwamba Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967. Ataona katika Utubora Mkulima mhusika anayeiacha kazi ya mjini na kushika jembe, kisha ataandika kwa ujasiri kwamba mwandishi anaunga mkono siasa ya Ujamaa na Kujitegemea. Hoja yake itapendeza, lakini haina miguu. Shaaban Robert alikuwa amekwisha kufariki tangu 1962. Vitabu hivyo vilitoka baada yake. Wachapishaji walivitoa katika wakati ambao ulivifaa, lakini mwandishi hakuandika kwa ajili ya wakati huo.

Mfano mwingine ni Historia ya Kiswahili ya Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala, iliyotolewa na Oxford University Press mwaka 1977. Walimu wengi tumekitumia. Mnyampala alifariki 1969, naye Chiraghdin akafariki 1976. Kitabu kilipofika dukani, waandishi wake wote wawili walikuwa kaburini. Anayelijua hilo hatawalaumu kwa kutozingatia mambo yaliyotokea baadaye.

Kwa upande mwingine, kuna vitabu ambavyo mwaka wake ni nusu ya maana yake. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla ilichapishwa 1973. Mashairi yake yalitungwa gerezani, alikofungwa kati ya 1969 na 1972 kwa sababu ya kijitabu alichokiita Kenya: Twendapi? Mwaka 1974 diwani hiyo ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Hebu tulia hapo kidogo: mtu anafungwa kwa maandishi yake chini ya serikali ya Jomo Kenyatta, na miaka miwili baada ya kutoka gerezani, mashairi aliyoyatungia humo yanapewa tuzo yenye jina la rais huyo huyo. Mwalimu anayemweleza mwanafunzi mambo haya kwa mpangilio wa miaka hahitaji kumlazimisha aone kinaya.

Kitabu teule na maisha yake mafupi

Sasa tugeukie duka lenyewe, kwa kuwa nalo lina historia yake. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa. Soko la vitabu vya Kiswahili likapanuka kuliko wakati wowote uliotangulia. Elimu ya msingi bila malipo ilipokuja mwaka 2003, shule zilipewa fedha, zikachagua vitabu kutoka katika orodha iliyoidhinishwa na kuvinunua madukani. Wenye maduka madogo katika miji yetu mingi waliinuka kwa sababu hiyo.

Baadaye mambo yalibadilika. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013 ilivitoza vitabu asilimia 16. Kisha, kuanzia 2018, serikali ilianza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvifikisha shuleni. Wanafunzi wengi walifaidika, nasi hatuwezi kulikana hilo. Kitabu kimoja kwa kila mwanafunzi lilikuwa jambo tulilolitamani miaka mingi. Hata hivyo, mwenye duka mdogo aliyetegemea msimu wa Januari alipoteza mteja wake mkubwa, na duka linapofunga, mji haupotezi vitabu vya kiada tu. Hupoteza pia ile rafu ya nyuma, yenye riwaya tatu au nne ambazo hakuna mtihani uliozitaja.

Mchuuzi wa vitabu vikuukuu anaishi kwa kalenda nyingine. Kitabu teule hudumu katika orodha kwa miaka michache, kisha huondolewa. Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora ilitahiniwa hadi 2017, na mwaka uliofuata Chozi la Heri ya Assumpta Matei ikaanza kutahiniwa. Kila badiliko kama hilo linapotokea, nakala zisizo na idadi humiminika katika meza za wachuuzi, bei ikaporomoka. Kitabu kilichogombaniwa Novemba huuzwa kwa bei ya maandazi Februari.

Nina neno hapa kwa wenzangu. Kitabu kinapoondolewa katika orodha, si kwamba kimekuwa kibaya. Siku Njema ya Walibora, iliyotoka 1996, haikupoteza hata neno moja siku ilipoacha kutahiniwa. Sisi ndio tulioacha kuisoma. Tukiwafundisha wanafunzi kwamba kitabu huishi kadiri kinavyotahiniwa, tusishangae wakikichoma au wakikiuza jioni ya karatasi ya mwisho.

Namna ya kuchakura

Kuchakura ni ujuzi, nao hufunzwa. Haya machache yamenifaa.

Kwanza, anza na ukurasa wa hakimiliki. Tafuta mwaka wa toleo la kwanza, si wa chapa uliyonayo tu. Linganisha na mwaka wa kuzaliwa na kufariki kwa mwandishi.

Pili, soma dibaji na utangulizi. Matoleo ya zamani ya diwani, kama zile za Oxford za miaka ya 1970, mara nyingi yana utangulizi na maelezo ya msamiati yanayokuonyesha jinsi Kimvita au Kiunguja kinavyotofautiana na sanifu. Mwongozo hukupa jibu. Utangulizi hukufunza kuuliza.

Tatu, usidharau maandishi ya kalamu ya waliotangulia. Mengi ni majibu yaliyoamriwa na mwalimu. Mara mojamoja utakutana na msomaji wa kweli. Katika ile nakala yangu ya Kusadikika, mtu asiyejulikana aliandika kwa penseli pembeni mwa utetezi wa Karama: "Anamwambia nani?" Hilo ndilo swali ambalo mimi, mwenye shahada, sikuliuliza kwa miaka minne.

Nne, tazama mihuri. Kitabu chenye mhuri wa shule au maktaba kinaweza kuwa kiliondolewa kwa utaratibu, au kiliibwa. Ukishuku kwamba kimeibwa, usikinunue. Hatuwezi kuwafunza wanafunzi maadili kwa vitabu vya wizi.

Tano, tofautisha kitabu kikuukuu na nakala haramu. Kikuukuu kilinunuliwa kihalali mara ya kwanza, mwandishi akapata haki yake. Nakala haramu huonekana mpya, lakini karatasi yake ni hafifu, maandishi yamefifia na picha ya jalada imefunikwa ukungu. Hiyo ni mali ya mwandishi iliyoporwa. Tena tukubali kwamba hata kitabu kikuukuu halali hakimpi mwandishi senti nyingine. Kwa hivyo kanuni yangu ni hii: kitabu kinachochapishwa bado nitakinunua kipya, katika duka la mji wangu, kisichochapishwa tena nitakichakurania.

Sita, usitoke na ulichokuja kukitafuta peke yake. Ongeza kimoja usichokijua.

Hitimisho

Tumeona kwamba nakala kuukuu ni kitabu na vilevile ni hati ya kihistoria. Mwaka wake, mchapishaji wake, utangulizi wake na hata penseli ya msomaji asiyejulikana humsaidia mhakiki kuiweka kazi katika muktadha wake. Mtahini huenda asikuulize kamwe Kusadikika ilichapishwa mwaka gani. Lakini usipoujua, jibu lako lote juu ya dhamira laweza kusimama juu ya mchanga, kama langu lilivyosimama.

Ile nakala ya shilingi 50 imo kabatini mwa chama chetu cha Kiswahili, imefungwa kwa karatasi ya khaki. Kila mwanachama mpya huanza kwa kuusoma ukurasa wa hakimiliki kwa sauti mbele ya wenzake. Wengine hucheka. Nami huwaacha wacheke, kisha twaendelea na sura ya kwanza.

Maswali ya kujadili

1. Eleza tofauti kati ya dhamira ya mwandishi na uhusishaji wa msomaji. Tumia kazi moja iliyoandikwa kabla ya uhuru.

2. "Mwaka wa kuchapishwa si lazima uwe mwaka wa fikra za mwandishi." Jadili kwa kurejelea Utubora Mkulima.

3. Tafuta kitabu kimoja cha Kiswahili kilichochapishwa kabla ya 1980 katika meza au duka la vitabu vikuukuu lililo karibu nawe. Andika aya mbili juu ya yale unayoyajua kukihusu kabla ya kuisoma sura ya kwanza.